Altaneta Zilizonuka Samaki

Ninyi vijana mnaofungua boksi, mkatoa altaneta mpya inayong'aa, mkaifunga kwa boliti na kujifuta mikono kana kwamba mmezaa, sina ugomvi nanyi. Ila fundi ni yule aliyeitengeneza kabla haijaingia kwenye boksi. Ninyi ni wapagazi wenye spana. Nikiwaambia hivyo vijana wa gereji za hapa Mkuyuni, wanacheka na kuniongezea chai. Basi yachukueni haya kama malipo ya chai.

Enzi zetu boksi halikuwepo. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, ukiingia dukani kuulizia altaneta, mwenye duka alikutazama kama umemwomba binti yake bila mshenga. Altaneta ilitaka kibali, kibali kilitaka foleni, na mwisho wa foleni palikuwa na dirisha ambalo mwenyewe alikuwa ametoka kidogo. Kwa hiyo iliyoungua ilisukwa upya. Nyingi za upande huu wa ziwa zilisukwa uani kwangu, kati ya banda la kuku na tanuri la samaki la mke wangu.

Wapo kati yenu mnaoibadilisha kila wiki na hamjawahi kuona tumbo lake, kwa hiyo nieleze. Altaneta ndiyo inayoilisha betri umeme gari likiwaka. Ndani kuna rota, nayo inazunguka. Imezungukwa na pete ya chuma yenye mifereji, tunaiita stata. Ndani ya mifereji hiyo ndimo unamosukwa waya wa shaba, mafungu ya mizunguko tunayoyaita koili. Ukimaliza kusuka unapaka vanishi, na vanishi lazima ikauke kwa joto, polepole, mpaka ndani kabisa. Ikikauka juu tu, siku gari litakapopanda mlima na mzigo, vanishi italia machozi, nyaya zitagusana, na wewe utaanza kutafutwa.

Gereji kubwa za mjini zilikuwa na oveni. Mimi nilikuwa na Mama Kulwa.

Alikuwa Mkerewe, amekulia kwenye samaki. Mimi Msukuma wa ng'ombe, nilidhani samaki ni kitu cha kula ng'ombe wakikosekana. Mwanzoni nilikausha stata zangu juani, na mvua za Mwanza mnazijua, hazibishi hodi. Nikahamia kwenye jiko la mkaa. Ya kwanza ikaungua, ya pili ikaungua. Mama Kulwa alikuwa amekaa anapasua samaki, ananitazama tu. Ya tatu ilipoanza kutoa moshi aliinuka.

"Baba Kulwa, huo ni moto wa ugali. Lete huku."

Akailaza stata yangu kwenye chanja, katikati ya sato na furu, akaifunika bati, akavuta kuni nje moja baada ya nyingine mpaka yakabaki makaa. Kisha akaweka kiganja juu ya bati na kuanza kutaja majina ya watoto wetu. Alipomaliza wote ndipo alipoondoa mkono.

"Moto ukikuruhusu kuwataja wote, huo ni wa kukausha," alisema. "Ukikufukuza kwa mtoto wa kwanza, huo ni wa kuchoma."

Tulijaliwa watoto wengi, kwa hiyo kipimo chetu kilikuwa cha kuaminika. Fundi mmoja jirani alikiiga. Yeye alikuwa na mtoto mmoja, na stata zake zote zilitoka nyeusi.

Hasara ya oveni yetu ilikuwa harufu. Vanishi ile ilinyonya moshi wa samaki na kuutunza, na gari likipata joto ikautoa. Paka wa mji huu waliwajua wateja wangu. Bwana mmoja mwenye gari la ofisi alikuja hapa amekasirika, suti imemkaa vizuri, paka wawili wanamfuata.

"Fundi, gari langu linanuka furu! Juzi nilimpakia mgeni kutoka Dar, kaniuliza kama ninafanya biashara."

Kabla sijajibu, Mama Kulwa akapaza sauti kutoka kwenye tanuri.

"Si furu, mzee. Wiki ile tulibanika sato tupu."

Bwana yule alisimama akifikiri. Kisha akauliza kama sato wamebaki. Akaondoka nao wamefungwa kwenye gazeti, na juu ya harufu hakusema tena neno. Altaneta yake ilichaji miaka mingi.

Lakini msinione kama niliyezaliwa fundi. Aliyenifundisha kusuka ni Mzee Kaijage, Mhaya wa Bukoba, mtu wa kanisani kila Jumapili na wa matusi siku nyingine zote. Nilipomwonyesha koili yangu ya kwanza aliigeuza, akaigeuza tena, akasema, "Hii umesuka au umefunga kuku wa mnadani?" Akanifumulisha yote. Sifa kubwa niliyowahi kuipata kwake ilikuwa siku aliyotazama kazi yangu akanyamaza.

Yeye ndiye aliyenionya juu ya adui mkubwa wa koili katika nchi hii, yaani salamu. Kila koili lazima iwe na mizunguko sawa na wenzake, na unaihesabu kichwani. Sasa umefika katikati, anapita mzee. Usipomwamkia umekuwa fundi mwenye kiburi, na habari itafika kwenu kabla yako. Ukimwamkia, shikamoo ni moja lakini haina mwisho. Marahaba, hamjambo, watoto, ng'ombe, mvua ya kwenu, yule mjomba mgonjwa amepona? Mjomba amepona, hesabu imekufa. Nina hakika nusu ya altaneta za mkoa huu zilitofautiana kwa sababu ya adabu nzuri.

Mzee Kaijage alinishauri kudondosha punje ya hindi kwenye bakuli kwa kila mzunguko, ili nikikatizwa nisipotee. Shauri zuri, na kwake lilifanya kazi, maana hakufuga kuku. Mimi niliinua macho kutoka kwenye salamu nikakuta jogoo amekula hesabu yote na anatazama kama kuna nyingine. Tangu hapo nilitumia kokoto. Mwanza kokoto hazihitaji kibali.

Na kaboni, vile vidude viwili vinavyogusa rota, tulichonga kutoka kwenye vijiti vyeusi vya ndani ya betri chakavu za tochi. Zilifaa, ila zingine ngumu, zinakwaruza. Pitisha kwanza kwenye ukucha. Ikiacha alama laini kama penseli, ifunge. Ikikwaruza ukucha, warudishie watoto wachoree ukutani.

Lakini kazi niliyotaka kuwasimulia ni ya lori la Masalu.

Masalu alikuwa dereva wa lori la kijiji kimoja cha ujamaa, huko mbele ya Buhongwa. Kijiji chenyewe sikitaji, wajukuu wa mwenyekiti wake wako hai na ni watu wema. Lori hilo lilikuwa moja tu. Lilibeba pamba, likabeba mbolea, likabeba wajawazito, likabeba wageni waliokuja kuona jinsi kijiji kilivyoendelea. Masalu alikuwa kijana mpole, mrefu, aliyelipenda lori lile kuliko inavyofaa kupenda kitu kisicho chako.

Akaniletea altaneta imeungua. Nikaisuka, Mama Kulwa akaikausha, Masalu akaondoka nayo. Haukupita muda akairudisha imeungua. Nikajilaumu, nikafumua, nikasuka upya kwa waya mzuri zaidi niliokuwa nimeuficha. Nikakagua na katauti, kile kidude kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye betri. Kizima. Akaondoka. Akarudi tena na altaneta mkononi, na safari hii uso wake pia ulikuwa umeungua.

"Fundi, wananipeleka mkutanoni," alisema. "Wanasema nauza altaneta nzima mjini, halafu narudisha kijijini mbovu. Wanaita hujuma."

Neno hilo ninyi mnalisikia kwenye mpira. Wakati ule lilikuwa neno la kukupeleka polisi, na ukirudi hukuti kiti chako. Masalu alikuwa na mke aliyetoka kujifungua, na nyumba waliyokaa ilikuwa ya kijiji.

"Naomba kitu kimoja," akasema, sauti imeshuka. "Njoo useme waya ulikuwa mbovu tangu kiwandani. Kiwanda kiko mbali, hakitajibu."

"Waya niliuchagua mwenyewe, Masalu. Haukuwa mbovu."

"Najua. Ndiyo maana naomba."

Uongo wenyewe ulikuwa mdogo na ungemwokoa mtu mwema. Mama Kulwa alikuja akifuta mikono kwenye kanga, akaiokota ile stata iliyoungua, akaizungusha karibu na pua, kama alivyomkagua samaki.

"Ukisema waya mbovu, watafunga waya mzuri," akaniambia. "Nao utaungua. Halafu watasema nini? Angalia hapa, Baba Kulwa. Hii haikuunguzwa upande mmoja."

Ndipo nami nilipotazama sawasawa. Shikeni hili vijana, ni la kazi. Stata ikiungua upande mmoja, kwingine mbichi, tafuta waya uliogusana, au dayodi iliyokufa, kile kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, au fundi mvivu. Ikiungua yote sawasawa, mviringo mzima rangi moja, koili haina kosa. Imebebeshwa mzigo mkubwa kwa muda mrefu.

"Hii imeiva pande zote," alisema Mama Kulwa. "Imesahauliwa motoni. Muulize nani kaisahau."

Nikamuuliza Masalu gari likizimwa nani analigusa.

"Hakuna, fundi. Likizimwa linapumzika."

"Hakuna kabisa?"

"Labda wale wa kipaza sauti. Siku ya mkutano wanavuta umeme kwenye betri."

"Mikutano hiyo ni lini?"

Masalu alinitazama kwa huruma. "Fundi, kuna siku ambayo hakuna?"

Mambo yakawa wazi kama mchana. Mwenyekiti wa kijiji chao alikuwa mkulima hodari wa pamba, lakini siku kijiji kilipopewa kipaza sauti, jembe lilimtoka mkononi. Alihutubia asubuhi juu ya kuamka mapema, na wenzake walikuwa wameamka wakachelewa shamba kwa kumsikiliza. Alihutubia jioni juu ya kubana matumizi. Kwa kubana matumizi alitaka injini izimwe ili dizeli isipotee, spika inywe betri taratibu. Betri ikiishiwa pumzi, wanakijiji walilisukuma lori mpaka liwake, kisha Masalu akaondoka na mzigo. Njia nzima altaneta inashindilia umeme kwenye betri yenye njaa ya hotuba mbili, mpaka inageuka mkaa. Na dereva hakuyaunganisha mambo hayo, maana kwake yeye gari lililozimwa lilikuwa limelala.

"Kwa hiyo utasema nini?" akauliza Masalu.

"Nitasema lililotokea."

Akashika kichwa. "Mayo! Hapo mmenizika. Waya mbovu ni kosa. Hotuba mbovu ni siasa."

Mara hii nilisuka kwa uangalifu wa harusi. Siku ya mkutano nikapanda naye lori, Mama Kulwa katikati yetu na kapu la samaki magotini, stata iliyoungua imelala juu ya samaki. Alisema samaki huuzika mkutanoni kuliko sokoni, maana watu wana njaa na hawaruhusiwi kuondoka. Nilikuwa naogopa, sitawadanganya. Uani kwangu hapakuwa na leseni ya kitu chochote, wala ya kuku.

Tulipofika nilifunga altaneta, nikaijaribu, ikachaji. Mara Mwenyekiti akaagiza injini izimwe, akachomekewa nyaya zake, akaanza. Alianzia mbali sana. Jua lilihama upande mmoja wa paa la ofisi likaja wa pili kabla hajafika kwa Masalu. Alipofika alisema yupo mnyonyaji mmoja ananyonya lori la wananchi, na Masalu akasimamishwa mbele, mikono nyuma, kama mtoto aliyekojoa kitandani. Nilimwona mkewe pembeni na kichanga. Hakuwa analia. Alikuwa anatazama chini, kama mtu anayehesabu vyombo vya kuhamisha.

"Fundi wa mjini," Mwenyekiti akaniita. "Altaneta hizi zilizoungua ni zile zile ulizosuka wewe, au huyu bwana alibadilisha?"

"Ni zangu, Mwenyekiti. Ninaijua mikono yangu. Hakubadilisha wala hakuuza."

Watu wakaguna. "Basi ulisuka vibaya."

"Sikusuka vibaya."

"Sasa kimeziunguza nini?"

"Mikutano," nikasema.

Hakusikia vizuri, au alitaka nijutie. Akanisogezea kipaza sauti. "Rudia, wananchi wasikie."

Nikarudia. Kwa kipaza sauti neno lile lilikwenda mpaka kwenye mashamba likarudi. Mtu mmoja nyuma akakohoa, na kikohozi chake kilikuwa kicheko.

"Unasema maneno ya kujenga nchi yanaunguza waya?"

"Maneno hayaunguzi, Mwenyekiti. Yanakula betri, injini imezimwa. Baadaye altaneta inailisha betri ile, na altaneta haina mdomo wa kusema imechoka."

"Nani shahidi wako?"

Sikuwa naye. Lakini Mama Kulwa alikuwa amekwisha kuingia kwa kina mama na kapu lake, na nilimsikia akisema, bila kipaza sauti, "Shikeni wenyewe. Ninyi mnapika. Nionyesheni upande ulio mbichi." Stata ilipita mkono kwa mkono, ikanuswa, ikagongwa kwa ukucha. Ikafika kwa bibi mmoja nusu kipofu aliyekaa mbele kabisa. Aliipapasa mviringo wote, taratibu, kisha akasema kwa sauti ya mtu asiyedaiwa na yeyote:

"Hii iliachwa motoni, mwenyewe kaenda kupiga maneno."

Kijiji kizima kikaangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha siku nyingi, kilichokuwa kimekaliwa. Mwenyekiti alisubiri kipungue, hakikupungua. Akanikazia macho, nikaona anachagua kati ya kunifunga na kuongoza. Nimpe haki yake, alichagua kuongoza. Akainua mkono.

"Ndugu wananchi! Jambo hili nilikuwa nimelichunguza kwa muda mrefu!"

"Kidumu!" akaitikia mtu, pengine kwa utani.

"Kwa hiyo natoa maelekezo. Dereva huyu hana kosa. Arudi kwenye usukani. Na kuanzia leo, ninapohutubia, injini iwake!"

Mke wa Masalu aliinua uso. Masalu alitembea kuelekea lori polepole, kama mtu anayeogopa kuitwa tena, akapanda, akawasha. Mnalijua lori la dizeli la miaka ile, lililotoboka ekzosi. Lilinguruma, madirisha ya ofisi yakatikisika. Mwenyekiti akaendelea kuhutubia. Tuliona mdomo wake na kidole chake, basi.

Akamwashiria Masalu apunguze mafuta. Masalu akachungulia dirishani, akapaza sauti kwa heshima zote.

"Fundi kasema injini ikiwa polepole haichaji vizuri, Mwenyekiti!"

Ni kweli nilikuwa nimemwambia hivyo, na ni kweli haichaji. Akakanyaga mafuta.

Mwenyekiti alihutubia kidogo zaidi, akasogea kuchungulia geji ya dizeli aliyokuwa ameibana msimu mzima, akafunga mkutano jua likiwa bado juu. Watu walisimama wakashangilia. Mimi sikusikia hata neno moja. Mama Kulwa naye hakusikia, lakini yeye ndiye aliyepiga makofi kuliko wote, mikono ikinuka samaki, akinitazama mimi.